Kiti cha Mwajabu

Mwajabu, mkuu wa mikopo, alipoingia kwenye mkutano wa wakuu wa benki, alimkuta Fanueli amekalia kiti chake. Fanueli alikuwa msaidizi wake, na kazi alifundishwa na yeye. Mezani kulikuwa na wanaume watupu, wanacheka habari za nyama walizokula pamoja Jumamosi.

"Kaa pale, mama," alisema mwenyekiti, Bwana Mshana, akionyesha kiti kilichokuwa ukutani, karibu na chupa za chai. "Kuanzia leo mambo ya mikopo atayaeleza Fanueli. Tulishaongea."

"Mliongea na nani?"

"Sisi wenyewe."

Mwajabu alijua kwamba akienda kukaa kule ukutani, mezani hatarudi tena. Akazunguka, akasimama nyuma ya Fanueli na kushika egemeo la kiti kwa mikono miwili.

"Tuanze, Mwenyekiti."

"Kaa kwanza."

"Nitakaa nikipata kiti changu."

Kicheko kilikatika. "Wanawake bwana," mmoja akanong'ona, lakini hakuna aliyemuunga mkono.

Mikono ya Mwajabu ilikuwa inatetemeka, na Fanueli alikuwa anausikia mtetemo ule mgongoni mwake. Akamtazama mwenyekiti aliyeketi ubavuni pake. Mwenyekiti akatikisa kichwa, kumkataza.

Fanueli akaanza kuinuka taratibu. Bwana Mshana akamshika mkono wa koti, naye akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa.