Koo la Mashine

Fundi aligonga valvu ya kwanza, kichupa cha kioo cha kukuzia sauti, kwa ncha ya penseli. Tk. Spika ikakaa kimya. Akaichomoa, akachomeka nyingine, akagonga. Tk. Kimya tena. Alipogonga ya tatu, spika ikapiga ukelele, "Ngiiii!", mpaka kalenda ukutani ikatikisika.

"Wewe ndiye nakutaka," akaiambia, akaipangusa kwa pindo la aproni kama mtu anayempangusa mtoto pua.

Alikuwa ameitunza miaka minne ndani ya soksi, chini kabisa ya droo. Mbovu ya kutupwa. Hakuitupa kwa sababu alijua siku moja kaka yake angekuja.

Na asubuhi ile kaka alikuwa amekuja, miwani ya jua usoni ingawa mle karakanani mlikuwa na giza. Mji mzima ulimwita Tetemeko, kwa jinsi gitaa lake la besi lilivyotikisa viti. Aliiweka amplifaya mezani, puu, juu ya bisibisi za watu.

"Mdogo wangu, za siku? Hii taa nyekundu ya mbele imekufa. Kesho saa kumi nina onyesho."

"Na sauti?"

"Sauti haina neno. We niwashie taa tu. Watu wakiona giza watasema Tetemeko kafulia."

"Valvu je? Nikubadilishie?"

"Aa, fundi si wewe? Fanya unavyojua." Akatoa kadi ya mwaliko mfukoni. "Nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Uje uone wenzio wanavyopiga besi."

Akacheka peke yake, akampa mkono. Vidole vyake vilikuwa laini kama vya kichanga. Vya Fundi vilikuwa na sugu za waya za gitaa mpaka leo.

Wenzio wanavyopiga besi! Amplifaya yenyewe ilikuwa ya Fundi. Na kile kipande kilichompa kaka jina, dakika mbili za besi peke yake bila ngoma wala sauti ya mtu, alikitunga Fundi, miaka sita iliyopita, sebuleni kwao, mama akipika jikoni. Kaka alimrekodi wiki nzima. "Mazoezi tu," alisema. Siku ya mwisho kifuniko cha sufuria kilianguka jikoni, Fundi akashtuka, kidole kikateleza noti moja. Akaomba warudie.

"Acha," kaka akasema. "Kanda yenyewe tutaitupa."

Mwezi uliofuata bendi yao ikasema haina nafasi ya mwanamke. Kaka akabeba amplifaya, akabeba na kile kipande. Kanda, alisema, zimeharibika. Mama, ambaye alisikia kila kitu kutoka jikoni, alisema maneno ambayo Fundi hajawahi kuyameza: "Mwachie kaka yako, mwanangu. Ana watoto."

Sawa. Alimwachia. Sasa alikuwa anamrudishia.

Alifungua mgongo wa mashine. Ndani vumbi, na buibui amefuma utando kutoka valvu hadi valvu. Moyo ukamwuma. Hata kuifuta tu kumemshinda kaka!

Alianza na taa nyekundu, dakika tano, ikawaka. Kisha akaigusa valvu ya kwanza, ile aliyoichagua mwenyewe zamani kati ya thelathini. Hiyo ndiyo koo la mashine. Weka yenye nguvu, besi inakoroma kama simba aliyeshiba. Weka dhaifu, inakuwa pole na safi, ya kulelea watoto. Weka iliyolegea ndani, kama ile ya kwenye soksi, na kila mtikisiko wa jukwaa utaifanya ipige mayowe. Mbele ya ukumbi mzima. Katikati ya zile dakika mbili.

Akachomoa ile nzuri, akaitia mfukoni. Akachomeka mbovu.

Kaka aliporudi jioni, Fundi alikuwa ameshaandaa uongo wa kumwambia akitaka kuijaribu. Hakuijaribu. Aliiwasha, akaona wekundu wa taa, akaizima.

"Mikono yako ina baraka," alisema, akaibeba, akaondoka.

Kesho yake saa kumi Fundi alikaa mstari wa mbele, mkono mfukoni, akiizungusha valvu nzuri kati ya vidole kama tasbihi. Wapigaji wengine walishuka. Kaka akabaki peke yake jukwaani, taa nyekundu ikiwaka nyuma ya miguu yake. Akafumba macho. Akagusa waya wa kwanza wa gitaa.

Fundi akabana meno, akingoja mayowe.

Besi ikakoroma. Nene, ya moto, kama simba aliyeshiba. Ikampanda kutoka kwenye kiti hadi kifuani.

Haiwezekani. Aliitoa valvu mfukoni, akaiangalia. Ndiyo yenyewe, na alama ya rangi aliyoipaka kwa mkono wake. Mashine ile sasa haina koo la kutoa sauti hii.

"Huyu jamaa ana mkono!" mzee wa kiti cha pili akamwambia sikioni.

"Ana," Fundi akajibu.

Aliangalia vidole vya kaka vikicheza juu ya waya. Noti baada ya noti, kila moja mahali pake, mpaka karibu na mwisho. Hapo, chini kabisa ya ule mngurumo, kifuniko cha sufuria kikaanguka.

Besi ikateleza noti moja; vidole vya kaka havikuteleza.