Mawe ya Nyati

Siku ya kwanza Digidigi alipoingia jimu, Mwalimu Kobe alimpa vijiwe viwili, kila kimoja kama yai, na kila Jumatatu akawa anambadilishia mengine makubwa kidogo. Digidigi aliona haya, akawa ananyanyua ameelekea ukutani. Pale katikati alisimama Nyati na mti wake wa kunyanyua, wenye majabali mawili nchani, akiguna mpaka kuta zinatikisika.

"Hivyo ni vya kuchezea bao," Nyati alimcheka.

Mwaka ukapita. Siku moja Nyati akaondoka bila kurudisha mti wake mahali pake. Kobe, naye akiwa anatoka, akamwambia Digidigi, "Usogeze pembeni, usijiumize."

Digidigi akakunja magoti, akanyoosha mgongo, akavuta kwa nguvu zake zote. Mti ukaruka juu, naye akaanguka chali. Majabali yakapasuka, mbegu zikamwagika. Yalikuwa vibuyu vikavu vilivyopakwa tope.

Alikuwa bado amekodoa macho Nyati aliporudi kuchukua taulo. Nyati akafunga mlango taratibu.

"Mdogo wangu, nisitiri."

"Kaka, tangu lini?"

"Tangu nianze. Kobe alinipa vijiwe kama vyako. Mwili huu, na vijiwe vile? Wangenionaje?"

Akayaendea mawe ya Digidigi, ambayo sasa yalikuwa makubwa kama mafenesi. Akainama, akavuta. Hayakung'oka.

Digidigi akavitafuta vile vijiwe viwili vya mwanzo, akamwekea Nyati mbele, na yeye mwenyewe akageuka kuutazama ukuta.