Chapa ya Mzee Kobe

Tega sikio! Palikuwa na Panya Buku, mwenye meno yasiyojua siku ya mapumziko. Aliguguna msitu wake mpaka vikabaki visiki vitupu.

Chiriku akaja mbio. "Bwana Buku, mkaguzi yuko njiani! Msitu uliotunzwa anaupiga chapa, na siku hizi mbao zisizo na chapa hazinunuliwi."

"Mkaguzi nani?"

"Mzee Kobe."

Buku akacheka hadi sharubu zikacheza. Akachomeka matawi mabichi ardhini, mamia kwa mamia, yaonekane ni miti, kisha akajilaza kumngoja.

Kobe alifika baada ya masika saba. Matawi yalikuwa yameota mizizi, yamekuwa msitu wa kweli, na ngedere wanabembea juu.

"Hongera, mwanangu," akasema Kobe, akagonga chapa. "Sasa kata mti mmoja tu kila masika."

"Safari njema, mzee!" Buku akadakia, meno yakimwasha. Kobe akishatoka tu, ataufyeka wote!

Masika mengine saba yakapita. Buku akachungulia.

"Mzee, hujaondoka tu?"

"Ndiyo kwanza nageuka, mwanangu."