Kengele ya Mitundu

Mgeni aligoma kusogea. Alisimama kule kwenye Landrova yake, mkono kwenye mlango, akaikodolea macho kengele ya Mitundu kama mtu aliyeona nyoka.

"Hiyo mnaigonga?"

"Sasa kengele tuiimbie?" Shukuru akadakia. Watu wakacheka.

Leah, mwenyekiti wa kijiji, hakucheka. Kengele yao ya kwanza, kipande cha reli, ilichukuliwa na bwana mmoja mwenye tai aliyejiita mtu wa serikali. Baadaye ikaonekana Manyoni kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndiyo biashara huria hiyo. Hii ya sasa, tufe la chuma kubwa kama mtungi, waliiokota porini kabla ya Pasaka, baada ya ule mwanga uliopasua anga. Leah aliapa mbele ya mkutano: hii nayo ikiibwa, uenyekiti basi.

"Naitwa Melkiori, natoka usalama." Mgeni alipunga kitambulisho, huko huko mbali. "Mama Mwenyekiti, mataifa makubwa yanabishana: silaha zikae angani au zipigwe marufuku. Wao wanabishana, nyingine ziko juu tayari. Hiyo imeshuka kwenu."

"Na wewe umetumwa kuipakia."

"Mimi? Thubutu! Wataalamu wanakuja kesho. Nyinyi ondokeni leo hii, kijiji kizima. Na msiigonge tena. Kugongwa ndiko kunakoiamsha."

"Basi hiyo imelala fofofo," Shukuru akasema, "maana mzee Yeremia huwa haibembelezi."

Leah akamgeukia mpiga kengele. "Umesikia, mzee? Tuondoke wote, tumwachie."

"Ila ina joto," Yeremia akasema taratibu. "Hata asubuhi, na baridi lote hili. Kuku wanahamia chini yake."

"Chuma na jua, mzee wangu."

Shukuru akamnong'oneza Leah. "Lakini mama, mwizi gani hataki hata kuishika? Yule wa tai aliikumbatia kabisa."

"Huyu kasoma zaidi." Leah akapaza sauti. "Mzee Yeremia, hebu mpigie mgeni, asikie inavyolia!"

Yeremia akainua nyundo, akaishusha kwa nguvu zote.

Melkiori hakungoja mlio uishe. Alijitupa garini, Landrova ikaruka, ikala kona ya mashine ya kusaga na kupotelea kwenye vumbi.

"Kwaheri, usalama!" Shukuru akapiga kelele. "Wasalimie wa angani!"

Walikaa barazani kwa Leah kucheka vizuri. Leah akaipa kengele mgongo, akanyoosha miguu, akapokea kikombe cha chai. Uenyekiti umepona.

Nyuma yake kengele ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Inatosha, mzee Yeremia," akasema bila kugeuka. "Ameshakwenda."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kigoda kando yake, Yeremia aliinua nyundo kutoka mapajani mwake, akamwonyesha.