Bao la Makame

Mzee Shomvi aliisoma barua ya chama cha mpira mara mbili, akaikunja, akachovya kitambaa kwenye ndoo. Ligi ya taifa ndiyo kwanza ilikuwa na mwaka mmoja, na yeye ndiye aliyeandika kwa chaki, kwenye ubao wa sokoni, kila matokeo na kila mfungaji. Sasa timu ya kiwanda cha magunia ilikuwa imejitoa, na barua iliagiza mechi zake zote zifutwe, zihesabiwe kama hazikuchezwa.

Alianza na mechi za miji ya mbali. Mwisho ikabaki ile ya hapa nyumbani: moja bila, mfungaji Makame.

Makame alikuwa mwanawe. Alifunga bao hilo moja tu maishani, wiki tatu kabla ya homa kumchukua.

"Baba Makame, liache hilo," alisema Mwanaidi, muuza vitumbua, ambaye siku ile alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. "Nani atakuja kukagua?"

"Nimeshafuta ya watoto wa wenzangu, Mwanaidi."

Mwanaidi akageuza uso. Mzee akapitisha kitambaa polepole, herufi moja moja, kama alivyomwosha siku ya kumzika.

Alipomaliza hakukikamua. Alikikunja kikiwa kibichi, akakitia kwenye mfuko wa shati, akasimama mbele ya ubao huku maji meupe yakimchuruzika kifuani.