Sauti ya Raziki

Katika darasa la Mwalimu Zamda, watoto walirushiana mpira, na kila aliyeudaka alitaja kitu kwa Kiingereza. Mtoto akikosea, sheria ilimtaka mwalimu abonyeze kitufe, ili utepe ambao kila mtoto alivishwa shingoni uizime sauti yake hadi kesho yake.

Siku hiyo alikosea Raziki, binti yake mwenyewe. Zamda alitamani kujifanya hakusikia, lakini darasa zima lilimtazama. Akabonyeza.

Jioni bibi alinung'unika, "Mjukuu wangu leo hata shikamoo hanipi?"

"Amechoka, mama," Zamda alijibu, macho chini kwa aibu.

Asubuhi sauti ilirudi.

"Umeamkaje, mwanangu?" Zamda aliuliza.

Raziki alifungua mdomo, akautazama mkono wa mama yake, akafumba mdomo.