Mama Mkwe wa Mtandaoni

"Wifi, leo utacheka mpaka mbavu ziume!" Dada wa mume alikuwa amepiga moja kwa moja kwenye simu ya kliniki, maana ile ya mkononi iliita mpaka ikachoka. "Kuna blogu moja inaitwa Sufuria na Waya. Humo kuna mama mkwe, yaani ni mama yetu mtupu! Jioni nakuja kumsomea."

Karani wa mapokezi alikata simu bila kuaga. Mgonjwa mmoja, shavu limemvimba, alikuwa akimuuliza kama daktari wa meno yupo. Karani akamjibu, "Marahaba."

Sufuria na Waya ilikuwa yake. Hakuna aliyejua, hata mumewe. Alianza kwa kuandika mambo ya simu na kompyuta kwa lugha ya jikoni: chaja ipi itakuunguzia godoro, kwa nini usibofye kila kinachong'aa. Wasomaji walikuwa wa kuokoteza. Kisha mama mkwe akahamia kwao, akanunuliwa simu ya kisasa, na watu wakaanza kumiminika.

Vituko vya yule mama, jamani! Ile sauti ya kwenye simu inayoelekeza njia, aliitaka imwamkie kwanza. Ilipokataa, akaizima siku nzima kwa kukosa adabu. Safari nyingine alikifunika kidude cha intaneti kwa sufuria, ati mtandao usivujie kwa majirani. Na huyu ni mwanamke aliyestaafu kazi ya kuwaunganishia watu simu! Uzee nao haumwogopi mtu. Kila mara karani alipozunguka jikoni akiuma kucha kwa kukosa la kuandika, haikupita muda mama mkwe akafanya kituko kipya. Mungu hamtupi mja wake.

Ila sasa karani yamemfika. Mama mkwe hakuwa mtu wa kugombana. Akiudhika, hufunga mizigo. Kwa mwanawe mkubwa aliondoka kwa mzaha mmoja tu, kwamba anakoroma, na tangu siku hiyo hajakanyaga tena pale. Sembuse kuchekwa na ulimwengu mzima! Ataondoka, na mume atabaki akimtazama mkewe kama mtu aliyemfukuzia mama yake. Tena kwa ukweli wa Mungu, karani alimpenda yule mama. Wake mwenyewe alikwisha mzika.

Ifutwe, basi. Yote, kabla ya jioni.

Alifungua blogu kwenye kompyuta ya kliniki, akaandika neno la siri. Akajibiwa kwamba namba za kuthibitisha zimetumwa kwenye simu yake. Na simu yake alikuwa ameisahau nyumbani, juu ya meza, kwenye chaji.

"Nimekwisha!" alisema, mikono kichwani.

"Kwani jino langu ni baya hivyo?" aliuliza mgonjwa.

Ujumbe wenyewe ulikuja na jina la blogu juu yake. Yaani ili amfiche mama mkwe, ilibidi kwanza amwonyeshe. Karani aliinuka, akaketi, akazipanga upya kalamu zilizokuwa zimepangwa. Alimwita mgonjwa aliyekwisha ng'olewa jino na kwenda zake. Mwishowe akapiga nyumbani.

"Mama, kuna ujumbe umeingia kwenye simu yangu. Nisomee namba tu. Hayo maneno mengine achana nayo, ni matangazo."

"Matangazo yamezidi siku hizi," alisema mama mkwe. Akazisoma namba zote kama maji, wala hakuuliza miwani yake iko wapi. "Nirudie?"

"Hapana, Mama. Asante."

"Mwanangu, mbona sauti yako haina raha?"

"Kazi tu, Mama."

Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Hakika ataitoa wapi? Yalikuwa maneno yake ya miaka, kitu pekee katika maisha yake ambacho hakumpikia mtu wala kumfulia mtu. Akabofya. Ukurasa ukawa mweupe, na machozi yakamtoka pale pale kaunta. Yule mwenye shavu akamwambia pole, hata yeye anaogopa sindano.

Jioni alimkuta wifi yake jikoni, akikigonga kioo cha simu kama mlango wa mdeni wake.

"Imefutwa! Asubuhi ilikuwepo, naapa! Ungecheka wewe, Mama!"

"Bahati mbaya," alisema mama mkwe, akaendelea kumenya vitunguu.

Wifi mtu alikunywa chai yake haraka haraka, akaaga huku amenuna. Karani aliegemea ukuta, akashusha pumzi. Imepita, alijiambia. Mama yupo, mizigo iko mahali pake.

Mama mkwe alisubiri mpaka mlango wa nje ulipofungwa. Kisha akaweka kisu chini.

"Mwanangu, kama ulikuwa unamwogopa huyu, si ungeniambia nikamnyamazisha? Ndiyo nini kufuta kila kitu? Na mimi Jumatatu nilishapanga niianike simu kwenye kamba ya nguo, ati ipate chaji ya jua. Haya, sasa wasomaji wetu tuwaambie nini?"